Tembo wa Mawingu Juu ya Milima ya Ngong

Je, mpenzi msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoinua macho ukatazama mbingu bila haja ya kujua kama uanike nguo au uchukue mwavuli? Iwapo wewe ni mkazi wa Umoja, Pipeline au Githurai, huenda mbingu unayoijua ni kipande tu kinachochungulia baina ya ghorofa mbili na kamba za nguo. Watoto wetu wanawajua wachezaji wa Arsenal kwa majina, lakini ukiwauliza aina za mawingu watakujibu kwamba ni mbili: jeupe na jeusi.

Basi Jumamosi moja wachukue uende nao Ngong. Panda matatu ya 111 katikati ya jiji, ushuke mjini Ngong, kisha upande mlima hadi kwenye lango la msitu. Nenda na wenzako, wala usiende peke yako, kwani njia ni ndefu na sehemu nyingine ni za upweke. Beba maji, sweta na simu iliyojaa chaji. Usivunjike moyo ukikuta ukungu saa mbili asubuhi. Ukungu huo ni wingu lililolala chini, na aghalabu kufikia saa nne au saa tano huanza kukatika vipande vipande. Hapo ndipo mchezo unapoanza.

Ukifika kwenye mgongo wa milima, karibu na mitambo mirefu ya kuzalisha umeme kwa upepo, simama utazame pande zote mbili. Mashariki utaliona jiji la Nairobi limetandazwa kama vitu vya mchuuzi. Magharibi ardhi inaporomoka ghafla hadi katika Bonde la Ufa, na huko rangi ya kijani inafifia na kuwa ya kahawia. Kilele cha juu kabisa kina karibu mita 2,460, na upepo hapo hauna adabu. Shika kofia yako.

Upepo huo mara nyingi hutoka upande wa Bahari ya Hindi, nao una unyevu. Unapogonga milima hauna budi kupanda. Hewa inayopanda hupoa kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi kila mita 1,000, hadi mvuke usioonekana ugeuke kuwa matone madogo mno. Ndiyo sababu utaona wingu likizaliwa juu ya kichwa chako mahali ambapo dakika moja iliyopita hapakuwa na kitu.

Sasa laleni chali kwenye nyasi. Mmoja atasema, "Naona tembo!" Mwingine atapinga kwamba ni birika. Mama yao ataona mwanamke aliyejitwika kuni. Msigombane. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na macho ya binadamu hayatulii mpaka yapate sura fulani katika kitu kisicho na sura. Piga picha, lakini usilielekeze jicho wala kamera kwenye jua. Kisha ifanye iwe chemshabongo: itume picha kwa jamaa zako kwenye kikundi cha WhatsApp bila kusema wewe umeona nini, halafu ngoja. Shangazi aliyeko Kakamega atajibu, "Kuku anayeatamia." Mjomba wa Mombasa ataapa kwamba ni jahazi. Picha moja imewakusanya watu ambao hawajaonana tangu harusi ya mwaka juzi.

Usidhani kwamba uraibu huu ni wa watoto tu. Mwaka 2005 Mwingereza Gavin Pretor-Pinney alianzisha chama cha wapenda mawingu, na watu wa nchi nyingi wakawa wanatuma picha zao huko: mawingu kama samaki, kama nyuso za wazee, kama viatu. Miongoni mwa picha hizo kulikuwamo moja iliyopigwa mwaka 2006 mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Ilionyesha wingu la mawimbi mazito, mfano wa bahari iliyochafuka ukiitazama kutoka chini. Picha za namna hiyo zikaja pia kutoka kwingine, na halikupatikana jina lililolifaa. Chama kikapendekeza lipewe jina lake, na hatimaye likaitwa asperitasi, neno la Kilatini lenye maana ya kukwaruza. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaliingiza katika atlasi yake ya mawingu, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1896. Naam, watu wa kawaida waliokuwa wakitazama juu kwa kujifurahisha waliwaongezea wataalamu jina.

Majina yenyewe yalianza na mpenda mawingu wa aina hiyohiyo. Luke Howard alikuwa mtengenezaji wa dawa jijini London. Mwaka 1802 alitoa mhadhara akayagawa mawingu kwa Kilatini: kumulasi ni lundo, stratasi ni tabaka, sirasi ni shungi la nywele. Tembo wa watoto wako, basi, ni kumulasi. Akiwa na kilomita moja kila upande, anabeba maji ya tani 500 hivi, yaani uzito wa karibu tembo 100 wa Amboseli!

Hata hivyo, kuna jambo ambalo simu haikunifunza. Nilipopanda huko na watoto wangu, tulimkuta mzee mmoja Mmasai akichunga mbuzi. Watoto waliinamisha vichwa wakamwamkia naye akawagusa utosini, kama ilivyo desturi. Mdogo akamwonyesha picha kwa fahari. "Babu, ona tembo wetu!"

Mzee aliitazama simu, kisha akatazama juu. "Ni tembo kweli, mjukuu wangu," akasema. "Sasa mngoje avuke."

Tukangoja. Wingu lilisukumwa kuelekea magharibi, likapita juu ya mgongo wa milima. Mkonga ukakatika. Miguu ikayeyuka. Kabla ya dakika kumi kwisha, hapakuwa na tembo wala birika.

"Kila siku wanakufia hapo," mzee akasema. "Nyumbani kwangu ni kule chini."

Elimu inakubaliana naye. Hewa iliyopanda upande wa Nairobi huteremka upande wa Bonde la Ufa, na inapoteremka hupata joto. Matone hurudi kuwa mvuke na wingu hutoweka. Ndiyo maana unaposhuka kuelekea Magadi unaingia katika nchi kavu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo mengi kame ya nchi yetu, na mifugo ikaangamia, Kajiado ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Katika siku hizo, lile tulilolipiga picha kwa kicheko mtu mwingine alikuwa akilifuata kwa macho huku akihesabu ng'ombe waliobaki. Wamasai wana Enkai Narok, Mungu mweusi, ambaye ndiye mwema aletaye mvua. Weusi wa wingu ambao sisi wa mjini tunaukimbia, wao wanauomba.

Tangu siku hiyo, albamu yetu ya mawingu ina mistari mitatu chini ya kila picha. Wa kwanza ni tarehe, saa, mahali na upande tuliotazama. Wa pili ni kile ambacho kila mmoja alikiona, pamoja na jina la wingu lenyewe. Wa tatu ndio mgumu, kwa kuwa hauandikwi papo hapo: wingu hili lilikwenda wapi, na je, lilinyesha? Ili kuujaza hapana budi kungoja, au kumpigia simu mtu anayeishi upande ule wingu lilikoelekea. Jaribuni na nyinyi.

Mkiwa mlimani na wingu likaanza kupanda kama mnara na kuwa jeusi chini, msingoje kulipatia sura. Hilo ni la radi, na mgongo wa mlima ulio wazi si pa kukaa. Mkiuona umeme, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Shukeni upesi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mzee wa Ngong alitufunza kwamba dalili ni dalili tu. Tulipokuwa tukiteremka, binti yangu aligeuka mara ya mwisho. Juu ya mitambo ya upepo palikuwa na wingu jingine changa. Hakulipiga picha. Alisimama akalitazama, akasema, "Hili livuke." Ukifika huko, nawe litakie hivyo.