Kutoka Goroli hadi Saboti: Kumbukumbu ya Risasi ya Gobore

Gobore lina kanuni moja ambayo haijabadilika tangu lilipobuniwa: chochote kitakachotoka kwenye mdomo wa mtutu sharti kiingizwe kwa mdomo huohuo. Hutangulia baruti, ikafuata risasi, vyote vikashindiliwa kwa mdeki hadi chini, kisha cheche ya gumegume au fataki ikafanya kazi yake. Mwindaji akikosa, ataanza upya, na mnyama hatamngoja. Ndani ya kanuni hiyo moja, hata hivyo, kile kinachoshindiliwa kimebadilika mno: kutoka goroli iliyofungwa kitambaa, hadi risasi yenye umbo la pia, hadi risasi ya shaba inayovishwa kikombe cha plastiki. Huko Marekani, ambako uwindaji wa magobore una misimu yake kisheria, mabadiliko hayo yamewagawa wawindaji. Kambi moja inaona goroli ndiyo uwindaji wenyewe. Nyingine inaona ni ukaidi unaomtesa mnyama. Nikiifuatilia kumbukumbu ya safari hiyo, naona pande zote mbili zinabishania umri wa risasi, ilhali jambo la kupimwa ni umbali. Goroli inastahili kutetewa kwa sababu inamlazimisha mwindaji asogee karibu. Ukongwe wake peke yake si hoja, na pale ukongwe huo unapoleta madhara, kama ilivyo kwa madini ya risasi yenyewe, tuuache bila kusita.

Tuanze na goroli. Katika karne ya 18, mafundi wa asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania walichukua bunduki fupi na nzito za kwao, wakazirefusha mtutu na kuzipunguzia kipenyo. Ndani ya mtutu walichonga mifereji iliyojipinda, na goroli, iliyokuwa ndogo kidogo kuliko tundu, ilifungwa kitambaa cha kitani au ngozi laini iliyopakwa mafuta. Kitambaa ndicho kilichoshika mifereji na kuizungusha goroli, nacho kikaanguka hatua chache mbele. Ufundi huo ulimpa mwindaji wa msituni shabaha nzuri kwa matumizi madogo ya risasi na baruti, bidhaa zilizopatikana kwa taabu. Lakini umbo la tufe lina mipaka ambayo fundi hawezi kuikwepa. Goroli ya bunduki ya nusu inchi, yenye kipenyo cha milimita 12.4 hivi, ina uzito wa gramu 11.5. Ukitaka iwe nzito zaidi huwezi kuirefusha. Huna budi kuinenepesha. Ongeza milimita mbili za kipenyo, uzito unapanda hadi gramu 18, kwa kuwa uzito wa tufe hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Tena tufe hukata hewa vibaya na kupoteza kasi haraka: goroli ya nusu inchi ikitoka kwa mita 580 kwa sekunde, ikifika mita 90 imebakiwa na karibu theluthi moja tu ya nishati yake. Hesabu hiyo ndiyo iliyomfundisha mwindaji kusogea, kabla ya kanuni yoyote ya maadili.

Afrika ilishuhudia hesabu hiyohiyo ikisukumwa hadi mwisho wake. Mwingereza Frederick Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho karibu na mto Rufiji mwaka 1917, na ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba kusini mwa Tanzania, alianza kuwinda tembo katika nchi ya Wandebele akiwa na magobore yasiyo na mifereji, yanayorusha goroli ya wakia nne, yaani gramu 113. Katika misimu mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874, aliua tembo 78 kwa silaha hizo. Alilazimika kumkaribia mnyama mno, na teke la bunduki lilimwumiza kiasi kwamba baadaye aliandika kwa majuto kwamba aliwahi kuzitumia. Kwenye njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na kuvuka hadi Manyema, magobore yalibebwa kwa wingi, na kadiri tembo walivyopungua upande wa pwani ndivyo misafara ilivyozidi kuingia bara kufuata pembe. Nayataja haya mapema ili tusidanganyane kuhusu zamani. Mahali ambapo hapakuwa na msimu, kikomo cha idadi wala adhabu, silaha dhaifu ilitosha kumaliza wanyama, kwa sababu udhaifu wake ulifidiwa na wingi wa mikono na bei ya pembe. Anayesema risasi ya kale ina huruma kwa ukale wake, historia ya pembe za ndovu inamkanusha.

Risasi ya pia iliingia kwenye gobore kwa mlango wa vita. Goroli yenye kitambaa, ikibanwa sawasawa kwenye mifereji, huchelewa kushindiliwa, na askari hana muda huo. Mwaka 1849 ofisa wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, alitoa risasi ndefu yenye ncha mbele na uwazi nyuma. Ilikuwa nyembamba kuliko tundu, hivyo iliteremka bila kupigwa. Baruti ilipolipuka, kingo zake za nyuma zilitanuka na kuishika mifereji. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pande zote mbili ziliitumia. Kwa mwindaji faida ilikuwa wazi: risasi ya pia ya nusu inchi inaweza kufika gramu 24, mara mbili ya goroli ya upana uleule. Hata hivyo, mwaka 1863 James Forsyth, ofisa wa jeshi la Uingereza nchini India, alichapisha kitabu cha kuitetea goroli. Alieleza kwamba risasi ya pia ya wakati ule haikustahimili baruti nyingi. Ilikwenda polepole na njia yake ilipinda sana, kiasi kwamba mwindaji aliyekosea kidogo kukadiria umbali alikosa au kujeruhi. Goroli nene katika mtutu wenye msokoto mpole, mzunguko mmoja kwa futi nane na inchi nane, ilikubali baruti nyingi na kwenda karibu sawa hadi kule macho yanakofika ndani ya msitu. Ninachokiheshimu katika hoja ya Forsyth ni kwamba hakuitetea goroli kwa jina la mababu. Alipima msitu, mnyama na umbali, kisha akachagua.

Bunduki za katriji ziliposhinda mwishoni mwa karne ya 19, gobore lilibaki mikononi mwa wachache. Mwaka 1933 wapenzi wake nchini Marekani waliunda National Muzzle Loading Rifle Association, yenye makao yake Friendship, Indiana. Miongo iliyofuata, majimbo yakaanza kutenga misimu maalumu ya magobore. Pennsylvania ilianzisha wake mwaka 1974 na ikadai bunduki ya gumegume. Makubaliano yalieleweka: mwindaji anapewa siku za ziada porini, naye anakubali silaha yenye risasi moja isiyofika mbali. Mwaka 1985 Tony Knight wa Missouri alitoa bunduki ambayo fataki yake imekaa nyuma ya baruti, katika mstari mmoja na mtutu, ikiwaka kwa uhakika zaidi na kusafishika kwa urahisi. Bunduki za namna hiyo zilienea pamoja na saboti, kikombe cha plastiki kinachoishika mifereji badala ya risasi yenyewe, na hivyo kuruhusu risasi nyembamba ya bastola, yenye ganda la shaba, irushwe kutoka mtutu mpana. Mifereji nayo ikabadilika, kwa kuwa risasi ndefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili isiyumbe: goroli hupenda mzunguko mmoja kwa sentimita 120 hadi 170 hivi, saboti hutaka mmoja kwa sentimita 71. Juu ya yote ikafungwa darubini. Kanuni ya mdomo wa mtutu ilibaki ileile, lakini silaha iliyokuwa ya mita 80 sasa ilitumika hadi 180 na zaidi.

Hoja nzito kuliko zote ya watetezi wa saboti ni ya huruma. Wanasema risasi yenye shabaha na nguvu zaidi huua haraka, na kwamba kumnyima mwindaji risasi hiyo ni kumwongezea mnyama maumivu kwa ajili ya ushabiki. Hoja hii haistahili kupuuzwa. Kwa umbali uleule, risasi ya kisasa humsamehe mwindaji makosa mengi. Lakini umbali haubaki uleule. Kwa mita 55 goroli ya madini laini hutanuka na kupenya mapafu ya kulungu bila shida, na humfikia baada ya sehemu ya kumi hivi ya sekunde. Anayeshika saboti na darubini hununua umbali kwa nguvu aliyoongezewa, na umbali humrudishia matatizo yaleyale aliyodhani ameyakimbia: upepo husukuma, risasi hushuka, na kwa mita 180 huchukua takribani theluthi ya sekunde kufika, muda unaotosha mnyama kupiga hatua. Moshi wa baruti humficha alikokimbilia, risasi ya pili haipo tayari, na mahali pa kuanzia kutafuta damu ni mbali na hapafahamiki vizuri. Huruma inayotegemea chombo peke yake huisha pale mtumiaji anapoamua kukijaribu hadi mwisho wa uwezo wake. Ukaribu humhakikishia mnyama jambo ambalo uzito wa risasi hauwezi kulihakikisha: kwamba aliyefyatua alimwona vizuri.

Wengine watauliza: kwa nini tuchore mstari kwenye goroli au pia, wakati pia yenyewe ina zaidi ya karne na nusu na hata gumegume iliwahi kuwa mpya? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba mstari wa umri hautoshi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zenye mifereji zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida. Mpaka huo uliofuata ukale wa silaha uliwaacha wakoloni na bunduki bora na Waafrika na dhaifu. Sheria inayotaja ukale bila kutaja shabaha yake inaweza kutumikia lolote. Afadhali mfano wa Colorado: katika msimu wa magobore jimbo hilo linakataza saboti, vidonge vya baruti na darubini za kukuza, lakini linakubali risasi ya pia mradi urefu wake usizidi mara mbili ya kipenyo. Hapo sheria haiulizi risasi ilibuniwa lini. Inaangalia umbo na vifaa vinavyorefusha umbali, ikavizuia.

Kuna jambo la kale ambalo siwezi kulitetea, nalo ni madini ya risasi. Mwaka 1982 kondori wa California walibaki 22 tu duniani, na sumu ya risasi waliyoila kwenye mizoga na matumbo yaliyoachwa na wawindaji imekuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. California ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 uwindaji wote wa wanyamapori jimboni humo unatakiwa kufanywa bila madini hayo. Kweli, goroli laini inayokwenda taratibu hubomoka kidogo kuliko risasi ya kasi kubwa, lakini chembe chache bado ni sumu kwa ndege na kwa mtoto anayekula nyama hiyo. Ugumu ni kwamba shaba haikubali kubanwa kwenye mifereji kwa nguvu za mkono, na kikombe cha plastiki ndicho kilichoitatua shida hiyo. Kifaa kinachorefusha umbali ndicho pia kinachorahisisha kuacha sumu. Kwa maoni yangu tuyatenganishe mambo mawili. Goroli za bismuthi zipo. Ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko za risasi, hivyo hupoteza kasi mapema zaidi, na dawa yake ni kusogea karibu zaidi. Na pale ambapo saboti ndiyo njia pekee ya kuacha sumu, iruhusiwe kwa shabaha ya wazi, bila darubini, ili macho ya mwindaji yabaki kikomo cha umbali.

Yatasemwa pia kwamba masharti haya yanamfungia nje mzee ambaye macho yamefifia. Huyo apewe kibali chake kwa cheti cha daktari, bila kubadilisha msimu mzima kwa ajili ya wenye macho mazima. Zaidi ya hayo, kumsubiri mnyama kwa saa nyingi hadi afike mita 40 ni kazi ambayo subira ya mzee huiweza kuliko haraka ya kijana. Anayetaka kupiga kutoka mbali anayo misimu mingine, na bunduki zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Msimu wa gobore ulitolewa kwa wale watakaokubali kusogea. Hivyo wanaoandika kanuni zake wapime kwanza umbali, kisha sumu, na umri wa risasi usiwe hoja kwa upande wowote.