Vigingi vya Juu

Ukisema Ifakara kwamba unafanya utafiti, swali la kwanza ni kuhusu mbu. Mimi sifanyi mbu. Shahada yangu ya uzamili ni juu ya mbega wekundu, na nilihitaji kufunga kamera kwenye tawi la mkuyu mmoja msituni Magombera, mita kumi na nne kutoka ardhini.

Magombera ni msitu wa tambarare uliobaki kati ya milima ya Udzungwa na eneo lililokuwa la Selous, miwa ikiwa imeusogelea. Kuna kinyonga aliyepewa jina la msitu huu mwaka 2009. Mwaka 2019 ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Zamani warina asali walipanda miti yake, na mkuyu wangu ulikuwa bado na vigingi vyao, vimepigiliwa kwenye shina kama ngazi.

Kwa kawaida tunarusha uzi kwa manati upite juu ya tawi, tunavuta kamba, tunapanda tukiwa tumeshikiliwa kutoka juu. Siku hiyo kila uzi ulinasa. Ilibaki kupanda kamba ikitokea chini, nikiipitisha kwenye tanzi kila baada ya hatua chache. Hesabu yake haina huruma: ukiwa mita mbili juu ya tanzi la mwisho ukateleza, unaanguka mita nne, na kamba ikivutika ni zaidi. Tena shina lilikuwa limeinama. Upande wa mgongo ulijaa upupu. Vigingi vilikuwa upande wa tumbo, kwa sababu tundu la nyuki lilikuwa huko, na huko mwili wote unabebwa na mikono.

Mzee anayenisaidia kazi ndiye aliyeshika kamba. Nilikuwa nimemfundisha kwenye mwembe wa uani kwake, naye alicheka muda wote. Yeye miti hii aliipanda na shoka na mwenge tu.

“Vya chini ni vyangu,” alisema akiangalia juu. “Vya juu ni vya kaka yangu.”

“Bado vinafaa, Mzee?”

“Gonga kwanza, binti. Kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza.”

Nilianza. Penye tawi nilizungusha tanzi langu. Pasipo na tawi niligonga kigingi, nikasikiliza, nikakifunga tanzi karibu kabisa na gome, maana ukikifunga nchani unakigeuza kuwa wenzo. Viwili vya Mzee vilinyamaza. Nilivipita bila kuvigusa.

Baada ya mita tisa matawi yaliisha. Mikono ilikuwa imeanza kufunguka yenyewe. Juu yangu kulikuwa na kigingi kimoja, cha mwisho, na chini yangu tanzi la karibu lilikuwa usawa wa viatu. Nilifikiria kushuka. Nilifikiria pia tarehe ya kuwasilisha tasnifu, jambo ambalo mtu aliyening'inia hapaswi kulifikiria. Niligonga. Kililia. Nikakifunga tanzi, nikapitisha kamba, na nilipohamisha mguu, ukateleza.

Niliporomoka kidogo tu. Kamba ilikaza. Nilibaki naning'inia kwenye kipande cha mti alichopigilia mtu nisiyemjua, kabla sijazaliwa.

“Kimeshika?” Mzee aliita.

“Kimeshika!”

Hakujibu. Nilipumzika, nikapanda tena, nikafika kwenye tawi, nikafunga kamera kwa mikono inayotetemeka.

Chini, tukikunja kamba, nilimuuliza kwa nini vigingi viliishia pale, wakati tundu la nyuki liko juu zaidi.

“Aliishia pale,” alisema. Akaendelea kukunja. Baadaye kidogo akasema, “Lakini alikuwa anapigilia vizuri.”

Nimekuwa nikijiita mwangalifu kwa sababu ya kofia ngumu, mkanda na kamba. Siku ile nusu ya usalama wangu ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa na hata kimoja.

Kwenye tasnifu, sura ya mbinu ina sentensi moja: kamera ziliwekwa kwa kupanda kwa kamba. Msimamizi wangu anasema inatosha, na kwa sura ile inatosha. Lakini kwenye ukurasa wa shukrani kuna majina mawili ya ukoo mmoja. La pili nilienda kumuuliza Mzee nyumbani kwake. Alilitaja taratibu, mara mbili, nisije nikakosea herufi.