Karatasi ya Kijiko

Sisi walimu tumezoea kusahihisha maandiko ya watoto, na kwa hiyo twajidhania kuwa kuandika twakujua. Twataka kuwasimulia jinsi tulivyosahihishwa na mama mmoja aliyesoma mpaka darasa la nne.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, watoto wengi wa kijiji chetu waliharisha, na zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji zikaisha katika zahanati. Muuguzi akatujia, akataka tumwandikie karatasi ya kubandika ukutani, ili kina mama wayatengeneze maji hayo nyumbani mpaka pakiti zifike. Akatupa na vipimo vyake: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu ya kijiko kidogo, vyote visawazishwe pasiwe na kilima.

Tuliona ni kazi ya jioni moja. Tukaandika kwa Kiswahili cha kujivunia, sentensi tatu ndefu zenye “ilhali” na “madhali”. Neno “kidogo” tuliliacha, kwa kuwa lilitusumbua katika mwendo wa sentensi. Onyo la kuonja maji kwanza, yasipite machozi kwa chumvi, tuliliweka mwisho kabisa, baada ya kusema mtoto anyweshwe.

Muuguzi hakuisifu karatasi wala hakuilaumu. Alimwita mama mmoja aliyekuwa akingoja barazani, akampa karatasi na vyombo, akatuomba sisi tusitamke neno. Mama akasoma kwa kidole, polepole. Kisha akatwaa kijiko kikubwa cha kulia wali, akachota chumvi mpaka nusu yake, na kilima juu. Muuguzi akamshika mkono. Chumvi ile ilipita mara tatu ya kiasi kilichotakiwa, na chumvi ikizidi hivyo huweza kumwua mtoto.

“Mwalimu,” akasema yule mama, “si umeandika kijiko? Na hiki si kijiko?”

Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumependa kujua habari za watu ambao kazi yao ni hiyo tu, kuandika maelekezo ya vyombo, dawa na mitambo. Wapo wengi katika nchi za viwanda. Kazi yao huanza kwa kuuliza: hukaa na fundi, wakamwuliza hata yale anayoona haya kuulizwa, maana fundi amekwisha kusahau kwamba kuna asiyejua. Kisha huandika, wakampa mgeni ajaribu, wakafuta, wakaandika tena. Zamani walitumia penseli na taipureta. Leo wana kompyuta, na fungu moja la maneno likiandikwa mara moja hutumika katika vitabu vingi. Mtambo ukibadilishwa parafujo moja, kitabu nacho hakina budi kubadilishwa. Majina yao kwa kawaida hayachapwi.

Kazi yenyewe ni ya kale. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, mwaka 1391, alimwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka kumi, maelezo ya chombo cha kupimia jua na nyota. Aliyaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa Kilatini cha mtoto kilikuwa bado kidogo, tena akaomba radhi kwa kuyarudia maneno. Mshairi mkubwa namna ile hakuona haya kurudia. Sisi tuliona haya kuandika “kidogo”!

Waundaji wa ndege wa Ulaya walitoa mwaka 1986 kanuni za Kiingereza chepesi kwa ajili ya mafundi wao, na kanuni hizo zingali zatumika. Sentensi ya maelekezo isipite maneno 20, na neno moja liwe na maana moja. Neno lao la “kufuata” laruhusiwa kwa maana ya kuja nyuma tu. Kwa kutii amri hutumika neno jingine. Twajiuliza wangefanya nini na “funga” letu, ambalo ni mlango, na kamba, na saumu, na hata bao la mpira.

Lakini lililotugusa zaidi ni la Bangladesh. Tangu 1980 mpaka 1990 chama cha BRAC kiliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba, wakafika katika nyumba zaidi ya milioni 12, wakifundisha chumvi kwa kubana vidole vitatu na sukari guru kwa konzi ya mkono. Baadaye wengine walipita kuwauliza kina mama, na mshahara wa mfundishaji ulipimwa kwa majibu yao. Twashukuru kwamba mishahara ya walimu wa kwetu haihesabiwi hivyo.

Karatasi yetu tuliiandika mara tano. Onyo likapanda juu. Mahali pa “lita” tukaandika “chupa mbili za nusu lita”, kwa kuwa mama mwingine aliuliza lita ni chombo gani. Yule mama wa kwanza ndiye aliyetushauri jambo la mwisho: tukalaza kijiko kidogo juu ya karatasi, tukakizungushia penseli, kikachorwa kwa ukubwa wake hasa.

Pakiti zilikwisha kufika, nazo ni bora kuliko maji ya kupima nyumbani, lakini karatasi ingali ukutani kwa siku zinapokosekana. Kina mama huja na vijiko vyao, wakaviweka juu ya picha ili kulinganisha, na mahali pale karatasi imechakaa hata mchoro wakaribia kufutika. Jumamosi hii tutauchora upya.