Kauri Inayohisi

Neno piezo lina asili ya Kigiriki, katika kitenzi chenye maana ya kubinya. Mwaka 1880, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikibinywa hutoa umeme. Mimi hutengeneza vihisi vya aina hiyo kwa kauri, vidogo kama punje za mtama. Kauri itokapo tanuruni bado ni kiziwi. Sharti ipashwe moto katika uga mkali wa umeme, chembe zake zielekee upande mmoja. Kazi hiyo naiita kuelekeza. “Kupolaraizi” silipendi, halimwambii mwanagenzi kitu. Akisikia kuelekeza, hufahamu mwenyewe kwa nini asikawize chuma cha kulehemia: joto likizidi, chembe hupotewa na mwelekeo, na kauri hurudia uziwi, ingawa kwa macho haijabadilika hata kidogo.