Msasa Hadi Ndani

Kwa miaka mingi watoto wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, walipita mbele ya karakana yangu mbio. Mama zao walikuwa wamewaambia kwamba mle ndani mna masanduku ya wafu, na kweli yalikuwamo, yamesimamishwa ukutani, mapya, yakinukia utomvu wa paini. Nyundo yangu ikilia saa nne usiku, majirani walijua kuna msiba kabla hawajajua ni wa nani. Watu wazima walinisalimia vizuri, ila kwa mbali. Nikimtania mtu, "Karibu karakana," alinijibu, "Mungu aepushie mbali, fundi." Nami nilicheka, maana ni mtu wa kucheka, na nikicheka narudi kwenye benchi naimba besi. Wengine walidhani nashangilia biashara.

Sikuanza na majeneza. Nilizaliwa Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, pale ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1894. Fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limewekwa katika makumbusho madogo pale kijijini, na tulipokuwa shule tulipelekwa kulitazama. Labda ndiyo maana kifo hakikuwahi kunitisha sana. Nimekulia jirani na fuvu la mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kusimuliwa, na nje ya chumba kile kuku walikuwa wakiparua kama kawaida.

Baba mkubwa wangu alikuwa seremala. Ufundi aliupata misheni ya Tosamaganga, jirani na kwetu, kwa mapadre Wakonsolata waliofika Iringa mwaka 1919. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Mwanzo alinipa ufagio nizoe maranda. Baadaye akanipa randa na kipande cha mvule, nikirande mpaka skwea ikisimamishwa juu yake mwanga usipenye chini. Ukipenya alisema neno moja tu: "Rudia." Kila asubuhi kabla ya kushika kifaa alipiga ishara ya msalaba, kisha akatemea mate viganja. Kwake hayo mawili yalikuwa tendo moja.

Nilipopata ujana nikaenda Mafinga kwenye viwanda vya mbao. Pale ndipo penye Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, paini na mikaratusi mpaka macho yachoke. Paini ni mti laini, unakua upesi, una mafundo mengi, na ukiukausha ovyo unapinda. Huupangi chini hivihivi. Unaweka fito kati ya mbao na mbao ili upepo upite, kisha unasubiri. Juni na Julai baridi ya Mufindi huingia mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyekufa ganzi vidole hapaswi kukaribia msumeno wa duara. Mimi nilikaribia kwa sababu zamu ilikuwa yangu. Ulinichukua ncha ya kidole cha mkono wa kushoto. Mwenye kiwanda alinilipa nauli ya hospitali na siku nilizokwisha fanya, basi. Jioni ile wenzangu wa chumbani, Wabena na Wakinga, walichanga wakaniletea unga, maharage na ulanzi, na mmoja akanisalimia kutoka mlangoni: "Kamwene, fundi wa vidole tisa na nusu!" Mkono ulikuwa unawaka moto, lakini nilicheka mpaka bendeji ikalowa.

Mwaka 1986 nikahamia Mbeya, nikafungua karakana yangu pale Mwanjelwa, nikaoa Mnyakyusa wa Tukuyu, binti wa Kimoravian. Kwao Umoravian si jambo la juzi. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Mama yangu alinuna kwa kuwa nimeacha Ukatoliki. Akazaliwa mjukuu, kununa kukaisha.

Halafu ikaja miaka ile. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwetu ulishika kando ya barabara kuu ya Zambia: Mafinga, Makambako, Mbeya, Tunduma, kila mahali ambapo malori hulala. Mtaani hawakuutaja kwa jina. Walisema fulani ana ngoma, fulani amekanyaga miwaya. Mimi nilipata habari kwa njia nyingine. Ndugu wa marehemu hawaji kwa seremala na vipimo vya futi. Wanakuja na kamba. Wamempima ndugu yao pale alipolala, wamefunga fundo la kichwa na fundo la miguu, wameikunja na kuitia mfukoni. Urefu ndio walioupima. Upana niliukadiria mwenyewe, na katikati ya miaka ya tisini nilikuwa natengeneza masanduku membamba kuliko yale niliyofundishwa na baba mkubwa.

Pesa nilipata. Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma ilijengwa miaka hiyohiyo. Katika Sala ya Bwana, pale penye kuomba riziki ya leo, nilikuwa napita haraka, maana nilijua riziki ya leo italetwa na nani, naye ameshika kamba. Na siku moja mazishini mhubiri mmoja, simtaji, alisimama akasema ugonjwa huu ni adhabu. Niliyemtengenezea sanduku siku ile alikuwa binti aliyeolewa na dereva, hakuwa na kosa lolote zaidi ya kumpikia mumewe. Tangu hapo nikikutana na mtu anayejua kwa nini Mungu amefanya hili au lile, natafuta mlango ulipo.

Ni katika miaka hiyo alipokuja bibi mmoja wa Igawilo. Jioni, mvua inanyesha, kamba ameifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela. Ilikuwa ya binti yake wa tatu. Wawili wa kwanza walikwisha kwenda. Nilimpa kigoda akakikataa, akaketi juu ya rundo la maranda kwa kuwa lina joto. Nikaranda, nikapigilia, nikapitisha msasa nje kote, namba 80 kwanza, halafu 120. Niliponyoosha mkono kuchukua kopo la vanishi akaniuliza:

"Na ndani, mwanangu?"

"Ndani tunaweka kitambaa, mama. Hakuna atakayeona."

"Pitisha na ndani. Huyu alikuwa hapendi vitu vya kukwaruza. Sweta la shule alilivaa analia, mpaka nikamshonea kitambaa kwenye kola."

Nikainama ndani ya sanduku na msasa wangu. Nyuma yangu nikasikia anacheka. Si kile kicheko cha aliyechanganyikiwa. Kilikuwa kicheko cha tumbo. Sweta limemkumbusha mbuzi. Mtoto aliona kitambaa hakitoshi, akaenda kulificha sweta zizini, mbuzi akalitafuna lote akabakiza mkono mmoja, na asubuhi mtoto akaenda shule amevaa ule mkono, ili mwalimu asiseme hana sweta. Bibi alisimulia akifuta machozi kwa pindo lilelile la khanga, nami nilicheka nikiwa nimeingia jenezani mpaka mabegani. Kazi ilipokwisha aliomba. Hakuomba kitu. Alimshukuru Mungu kwa mtoto yule, akitaja kimoja kimoja: siku aliyozaliwa, ubatizo, darasa la saba, mbuzi. Mwisho akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, nami hadi leo sijui alikuwa ananishukuru mimi au bado alikuwa anaomba.

Hela aliyokuwa nayo ilikuwa nusu ya bei. Iliyobaki aliilipa kwa viazi na maparachichi, kidogo kidogo, mpaka nikamwambia, "Mama, sasa deni limekwisha." Akanijibu limekwisha kwangu, kwake bado.

Kabla ya jioni ile nilikuwa naamini kwamba furaha Mungu humpa mtu msiba ukishapita, akishavumilia vya kutosha. Bibi yule hakusubiri upite. Alifurahi amekalia maranda ya jeneza la mwanawe, na huzuni yake haikupungua hata chembe. Vyote viwili vilikuwa vizima. Basi nami nikaacha kujiuliza kama ninayo haki ya kuimba. Na msasa nikapitisha hadi ndani kwa kila sanduku, la tajiri na la mkopo. Vijana wangu walinung'unika kwamba msasa ni ghali na wafu hawalalamiki. Niliwaambia wanung'unike huku mikono inafanya kazi.

Mwaka 1998 kamba ikawa ya kwetu. Dada yangu. Nilipanda basi hadi Iringa, nikatengeneza sanduku uani pale Kalenga kwa randa ileile ya baba mkubwa. Yeye alikuwa mzee sana, macho yamepata ukungu. Nilipomaliza alikuja akiongozwa na mjukuu, akaingiza kiganja ndani, akakipitisha taratibu ubavuni, kwenye kona, chini. Nilingoja lile neno lake. Hakulisema. Watoto wawili wa dada nilirudi nao Mbeya.

Wamoravian tuna desturi ambayo mgeni huishangaa. Alfajiri ya Pasaka, kungali giza, tunakwenda makaburini. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ikasafiri na wamisionari popote walipokwenda. Aprili ya Mbeya bado ina mvua na ukungu umeshuka kutoka Loleza. Unakanyaga tope umejifunika blanketi, na tarumbeta za kwanza hutoka vibaya kwa sababu midomo ya wapulizaji imeganda. Mimi husimama na besi. Wengine wanayajua makaburi yale kwa majina, mimi nayajua kwa mbao: huyu paini, huyu mkaratusi, yule mninga kwa kuwa kaka yake alikuwa na maduka. Bibi wa Igawilo alifika kila mwaka na wajukuu nyuma yake, akiimba mbele ya kwaya kwa nusu pigo, mwalimu akimkodolea macho bila mafanikio. Jua likitokea upande wa Uyole tunaimba kwamba makaburi yatafunguka. Sijui seremala mwingine anayeamka saa kumi usiku kwenda kuimba kwa nguvu zote kwamba kazi yake haitadumu.

Oktoba 2004 serikali ikaanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta maambukizi ya asilimia 15.7 kwa watu wa miaka 15 hadi 49 kule kwetu mkoani Iringa, Njombe ikiwa bado ndani yake. Hakukuwa na mkoa uliotuzidi. Lakini karakanani nilikuwa nimeanza kuona kamba zinapungua. Kijana mmoja, ambaye kaka zake walikwisha nijia kimya kimya kuuliza bei, alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, kuagiza kitanda. Tano kwa sita. Anaoa.

Nilimsimulia mke wangu habari hiyo nikiruka ruka. Yeye ndiye mshika daftari. Alilifungua, akatazama mauzo ya mwezi, akasema, "Fundi, tumshukuru Mungu, halafu tutafute ada." Tukafanya yote mawili kwa mpangilio huo. Ada ilikuwa ngumu kuliko shukrani. Tuliuza mashine ya kuranda, tukafuga kuku juu ya maranda, na mwaka mmoja watoto walikula viazi mpaka wakaviota. Lakini sijawahi kufurahia hasara kama ile.

Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipojaza madarasa na Rais Magufuli akaagiza shule zote ziwe na madawati kufikia mwisho wa Juni, maseremala hatukulala. Madawati yalipanga foleni hadi barabarani, na watoto wa mtaa, wale ambao mama zao walikuwa wakinikimbia utotoni, walikuja kukaa juu yake kuyajaribu. Nilikuwa nawafukuza kwa sauti kubwa ili warudi.

Sasa tumerudi Iringa, tunakaa Kihesa. Karakana ni ndogo, ya kuning'iniza vifaa na kupokea maoni ya wapita njia. Nilikuwa nimeweka darini mbao za mninga, nilizozinunua zamani, zimekauka barabara, kwa ajili ya sanduku langu mwenyewe. Sikupenda wazo la kijana fulani kunipigilia ndani ya paini mbichi. Mwaka jana binti yetu alipoposwa, mke wangu alipanda ngazi akazishusha.

"Hizi zinatosha kabati la vyombo," akasema.

"Hizo ni zangu. Unajua ni za nini."

"Najua. Wewe utatumia paini kama wenzako. Kwani kila Pasaka mnaimba nini?"

Nilikosa jibu, nikaranda. Kabati lina milango miwili ya kioo, droo tatu, na bawaba za shaba nilizozificha tangu Mbeya. Mkwe analisifia kwa kila mgeni. Nikienda kwao huwa nafungua droo, naingiza mkono, nafunga, nafungua ya pili, mpaka binti yangu anauliza, "Baba, unatafuta nini?"

Namwambia natafuta kijiko.