Kufuta Akili ya Gari

Mafundi wa magari wa Unguja wana msamiati wao ambao kamusi zetu bado hazijaukaribisha barazani. Gari inaponguruma pole pole bila ya kukanyagwa mafuta, husema iko kwenye "sailensi". Inapoitikia mguu upesi, husema "inachanganya". Na kile kijisanduku cha bati chenye nyaya nyingi, ambacho wengine hukiita kompyuta na wengine kontroli boksi, nimemsikia fundi mmoja mtu mzima akikiita kwa jina fupi zaidi: akili. Nozeli huzibuliwa, plagi hubadilishwa, akili hufutwa.

Neno hilo la kufuta nimelitafakari zaidi kuliko linavyostahili, yumkini, kwa sababu mwaka 2019 lilikaribia kutugombanisha nyumbani kwetu.

Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwishoni mwa mwaka 2018. Aliacha nyumba ya Kiembesamaki, vitabu vyake, na gari moja: basi dogo la Kijapani la mwaka 2003, la viti vinane na injini ya lita mbili. Mirathi haikugawanywa upesi. Bi Mkubwa alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na gari nayo ikakaa eda yake chini ya mwarobaini, maana ufunguo ulikuwa kabatini mwake na hapakuwa na aliyethubutu kuuomba. Eda ilipokwisha, kaka yangu alinunua betri mpya, akaifunga, gari ikawaka. Lakini ilikuwa nzito. Ukikanyaga mafuta ilikuwa kama inafikiri kwanza, kisha ndiyo inaondoka. Kwenye mwinuko wa Masingini tulipitwa na kila kilichokuwa na magurudumu.

Kaka akatangaza tiba: akili ifutwe. Hoja yake ilikuwa kwamba gari za siku hizi huusoma mguu wa dereva. Baba alikuwa mpole, akiigusa pedali kama mtu anayekanyaga jamvi la msikitini. Miaka minane gari imejifunza upole ule, na sasa inamwitikia kila dereva kana kwamba ni yeye.

Bi Mkubwa alikuwa ukumbini akichambua mchele.

"Kwa hiyo humo ndani mna mguu wa baba yenu?" akauliza.

"Kwa maana hiyo, ndiyo, Mama."

"Basi usiufute."

Hapo maneno yakaisha. Kaka hakuwa mtu wa kumjibu mama yake mara mbili, wala Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Gari ikabaki nzito kwa wiki nyingine. Dada yetu, aliyekuwa akitaka iuzwe ili kila mrithi apate fungu lake, naye akanyamaza, maana nani atauza mguu wa baba yake?

Mimi nilitaka kujua kwanza kama mguu huo umo. Nikaanza kuulizia, kwa fundi na kwa vitabu, na ninachokieleza hapa ndicho nilichokikuta.

Katika gari za zamani pedali ya mafuta iliungwa kwa waya wa chuma na kilango kidogo cha hewa kilichopo kwenye koo la injini. Mguu ulivuta waya, waya ukafungua kilango, hewa ikaingia na petroli ikaifuata. Mtu aliweza kuuhisi uzito wa springi kwenye unyayo wake. Gari yetu haina waya huo. Pedali yake ni mfano wa kalamu: inaandika ombi tu. Vihisi vilivyopo kwenye pedali huieleza kompyuta, kwa lugha ya umeme mdogo, kwamba mguu umeshuka kiasi gani; kompyuta ikishaangalia mambo yake, huamuru mota ndogo ifungue kilango kwa kadiri inavyoona inafaa. Baina ya ombi na jibu amekaa hakimu. Si jambo jipya sana. Mwaka 1979 Bosch walileta mtambo wao wa Motronic, ukafungwa kwenye BMW 732i, na tangu hapo cheche na petroli zikawa zinapimwa na kompyuta moja. Kilango cha hewa kilikuja kutiwa chini ya amri hiyo baadaye.

Kazi ya hakimu huyu ni mizani. Sisi wapenzi wa mashairi tumezoea nane kwa nane. Injini ya petroli, katika mwendo wake wa kawaida, hutaka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kompyuta hukisia kwanza kwa kufuata jadweli lililoandikwa kiwandani, kisha hukisikiliza kihisi cha oksijeni kilichopo kwenye bomba la moshi, ambacho huipa habari za kile kilichokwisha kuungua: hewa ilizidi, au ilipungua. Baada ya hapo husahihisha. Yapo masahihisho ya papo hapo, yanayobadilika kila mara injini inapozunguka. Na yapo ya muda mrefu: kompyuta ikiona kwamba kila siku inalazimika kuongeza petroli kwa asilimia tano, huacha kulihesabu jambo lile kuwa ni dharura, hulifanya desturi. Kadhalika kwa cheche. Injini ikigonga kwa petroli hafifu, kompyuta huichelewesha cheche, na kuchelewesha huko nako huweza kukaa katika desturi zake. Ndizo hizo desturi zinazoitwa kumbukumbu, na katika gari nyingi za rika la yetu, kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme wa betri peke yake.

Kwa hiyo mtu anayeutoa waya wa betri na kuusubirisha nusu saa, kisha akaurudisha, hutoka gereji akiapa kwamba gari yake imezaliwa upya. Wala hasemi uwongo. Kwa siku mbili tatu injini hufuata jadweli la kiwandani kama mwanafunzi wa siku ya kwanza skuli. Kisha inaanza kugundua upya yale yale iliyokwisha kuyagundua, kwamba petroli ni hafifu, kwamba nozeli moja imechoka, na inarudi ilipokuwa. Dereva naye hurudi gereji. Wapo wanaouziwa kijisanduku cha kuchomekwa kwenye pedali, ambacho kazi yake ni kuipotosha kalamu: ukiomba robo, chenyewe kinaandika nusu. Nguvu ya injini haiongezeki hata chembe. Kinachoongezeka ni haraka ya kuipata ile ile. Na kwenye gari mpya zaidi, kumbukumbu huandikwa pahala ambapo kutoa betri hakuifikii, lazima mashine ya fundi. Katika nchi zenye sheria kali za moshi kuna adabu nyengine tena: pale California, aliyefuta kumbukumbu asubuhi huweza kukataliwa kipimo mchana, kwa sababu gari haijamaliza kujikagua upya, na mpimaji analiona hilo.

Narudi kwenye mguu. Zipo giaboksi zilizotengenezwa makusudi kujirekebisha kwa tabia ya dereva, na katika hilo Kaka hakutoa jambo hewani. Lakini sehemu kubwa ya kinachohifadhiwa katika akili ya gari ni habari za mwili wake yenyewe, uchakavu wake na uchafu wake. Dereva haonekani sana humo.

Tulimpelekea gari fundi mmoja ambaye ujana wake wote ulipita kwenye gari za waya, na aliyejifunza hizi za kompyuta akiwa na mvi. Kaka alimweleza shauri lote, pamoja na katazo la Bi Mkubwa. Fundi aliwasha gari, akaisikiliza kwenye sailensi, akaizima. Halafu akatazama saa ya dashibodi.

"Betri ya mwanzo iliishia wapi?"

"Ilikufa, Fundi. Wakati wa eda."

"Ilikaa imekufa muda gani?"

"Miezi miwili. Pengine zaidi."

"Sasa mnataka kufuta kitu gani?"

Kaka hakujibu. Fundi akamwonesha saa, ambayo haikulingana na saa yoyote, ya Kiswahili wala ya Kizungu. Akawasha redio: stesheni zote alizoziweka Baba zilikuwa zimeondoka. Kwa muda wote tuliokuwa tukibishana kama mguu wa marehemu ufutwe au uachwe, akili ya gari ilikuwa imeshamsahau, yenyewe, chini ya mwarobaini, katika usiku mmoja tusioujua, betri ilipotoa tone lake la mwisho.

Nakiri kwamba nilihuzunika, tena kwa jambo ambalo nilikwisha kujiridhisha kuwa halikuwapo. Mwanadamu ana haki ya kuhuzunika bila ya ushahidi.

Uzito wa gari ulikuwa na sababu nyengine. Fundi alifungua mpira wa hewa, akatuita tutazame. Kilango kilichopaswa kung'ara kilikuwa cheusi kama chungu cha kuni. Masizi yalikuwa yamejipanga kwenye ukingo wake, tabaka juu ya tabaka, mpaka upenyo wa hewa ukawa mwembamba. Alituelezea kwamba injini ya namna ile hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti njiani kuzisafisha vali kama katika injini nyengine. Na mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kuunguzwa tena hugandia mle. Kisha akauliza gari ilikuwa ikienda wapi.

Baba alikuwa na safari tatu. Msikitini, sokoni Mwanakwerekwe, na barzani kwa rafiki zake. Hapakuwa na hata moja iliyozidi dakika kumi, na zote kwa mwendo wa harusi. Injini haikuwahi kupata moto wa kutosha wa kuyaunguza masizi yake.

"Basi ndiyo haya," Fundi akasema, akapitisha kidole kwenye kilango, kikatoka cheusi.

Kwa hiyo Kaka alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani, ila aliutafuta ndani ya kisanduku. Upole wa Baba ulikuwamo garini. Ulikuwa kwenye koo la injini, unashikika, na ulikuwa ndio unaotuzuia kupanda Masingini.

Tulirudi nyumbani kumweleza Bi Mkubwa, na nilimwachia Kaka kazi hiyo kwa vile yeye ndiye aliyeianzisha habari ya mguu. Alieleza vizuri, bila ya kupamba. Akili imeshafutika, kilichobaki ni masizi ya zile safari za msikitini, yakisafishwa, kitakuwa hakikubaki kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni machafu sana. Kaka akamwonesha kitambaa alichofutia mikono.

"Na nyinyi mmeiacha gari ya baba yenu katika hali hiyo?" akasema. "Mtu aliyekuwa akifua kanzu yake mwenyewe kila Alhamisi? Kasafisheni. Nami nakuja."

Kazi yenyewe ilichukua saa moja, kwa dawa ya kusafishia kabureta na mswaki wa zamani. Kilango kilipong'ara, gari iliwashwa na sailensi ikapanda juu, injini inalia kama imekanyagwa. Fundi alikuwa akilitarajia hilo. Katika wiki tatu tangu betri mpya ifungwe, kompyuta ilikuwa imejizoesha kukifungua kilango zaidi kidogo ili kushindana na masizi. Sasa masizi hayapo, na yenyewe bado inashindana nayo. Hapo ndipo ilipolazimu kufuta akili, na spana namba kumi ikatoka mfukoni. Alianza na nguzo hasi, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati wa kufungua nguzo chanya hutoa cheche. Vichwa vya nyaya vilikuwa na ukoga mweupe, akaviosha kwa maji ya magadi wakati tukisubiri. Nusu saa. Bi Mkubwa alikaa kwenye benchi la gereji na mwamvuli wake. Kilichokuwa kikifutwa muda ule, kama kuna mguu wowote, ni mguu wa Kaka wa wiki tatu, na hakuna aliyemwonea huruma.

Alipourudisha waya aliwasha gari, akakataza mtu kugusa pedali. Iachwe ijitafute. Sailensi ilipanda, ikashuka, ikatetemeka kana kwamba itazima, ikapanda tena, kisha ikatulia kidogo kidogo mpaka feni ya rejeta ilipozunguka. Akawasha kipoza hewa, sindano ikayumba, ikatulia tena. Sijui kwa nini watu wote gereji walikuwa wamenyamaza, hata wale wasiohusika na gari yetu.

Kaka aliiendesha kuelekea Masingini, Bi Mkubwa amekaa mbele, mimi nyuma. Iliitikia mguu papo kwa papo. Alipokanyaga mara ya pili, kwa furaha, Bi Mkubwa alishika mpini wa mlango na kusema, "Taratibu, baba," nasi tukapanda mlima kwa mwendo ule ule wa zamani, ila safari hii kwa hiari.

Saa ya dashibodi ilikuwa imeanza upya kutoka 1:00, na kwa wakati ule ilisoma 1:38. Nje ilikuwa saa nne na kitu asubuhi. Kaka alisema akifika nyumbani ataiweka kumi, kwa vile wanawe husoma saa ya skuli. Bi Mkubwa hakumjibu. Alikitafuta kitufe kwa kidole, akakibonyeza mara tatu, na dakika akaziacha kama zilivyo.