Kupumzika Ulaya kwa Fedha Kidogo: Shauri kwa Jamaa za Bukavu

Mji wetu wa Bukavu umezoea kupokea wageni kuliko kuwapeleka watu wake matembezini. Rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, hewa isiyo na joto kali, na maji ya Kivu yaliyo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, vilitosha kuwavuta Wabelgiji tangu zamani. Wakati mji ulipoitwa Costermansville, watumishi wa serikali na wenye mashamba waliochoshwa na joto la mabondeni walipanda huku kupumzika. Wengine wakajijengea nyumba nzuri ukingoni mwa maji. Wenyeji wakapangiwa makao yao Kadutu na Bagira, mbali na maua hayo.

Siku hizi safari imegeuka njia. Watoto wa Bukavu wanaishi Bruxelles, Liège, Namur na Leuven. Wamesoma huko, wameoa huko, wamezaa huko. Huwaandikia baba na mama: “Njoni mpumzike kwetu walau mwezi mmoja, mwone wajukuu.” Barua ya namna hiyo huleta furaha kubwa nyumbani, na siku ya pili yake huleta hesabu. Nani aende? Fedha zitoke wapi? Na je, mtu akifika Ulaya, atapumzika kweli, au atasukumana na umati wa watalii na kurudi amechoka kuliko alivyokwenda?

Tuanze na fedha, kwa maana hapo ndipo jamaa nyingi huumia. Viza ya kuingia nchi za Schengen, ambazo Ubelgiji ni mojawapo, hulipiwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto aliye chini ya miaka 6 halipi. Basi baba, mama, na watoto wawili wa miaka 8 na 10 watatoa euro 270 kabla hata ya kuiona ndege kwa macho. Na fedha hizo hazirudishwi viza ikikataliwa. Juu yake kuna bima ya safari, ambayo lazima iweze kulipa gharama za ugonjwa mpaka euro 30,000, kuna pasipoti, kuna safari ya kwenda kupeleka maombi na kutia alama za vidole, jambo lisilofanyika kwa barua. Mtu wa Bukavu ajue mapema kabisa ni ofisi gani inayopokea maombi yake, kwa sababu nauli ya kwenda huko yaweza kupita bei ya viza yenyewe.

Wako wazee wanaouza kiwanja ili wapate nauli. Tunaomba wafikiri mara mbili. Afisa wa viza anataka kujua jambo moja kuliko yote: je, mtu huyu atarudi kwao? Huangalia barua ya kazi, watoto waliobaki shuleni, mke au mume aliyebaki nyumbani, na hati za nyumba au shamba. Aliyeuza kiwanja chake amepata fedha za tikiti, lakini ameuza pia mojawapo ya vithibitisho bora kwamba ana sababu ya kurudi. Akinyimwa viza, atakuwa amekosa Ulaya na amekosa kiwanja. Ni afadhali mara nyingi aende mzazi mmoja mwaka huu, na mwingine mwaka mwingine, kuliko nyumba nzima kujitupa kwa pamoja katika deni.

Yule anayealika naye ana wajibu. Ubelgiji ina hati ya udhamini, ambayo kwetu kila mtu huiita “prise en charge”. Mwenyeji huijaza na kuipeleka komini anakokaa, akiahidi kumlisha na kumtunza mgeni wake, na kulipa kama mgeni ataleta gharama kwa serikali. Ahadi hiyo ni ya sheria. Mtoto asiye na mshahara wa kutosha asione haya kuwaambia wazazi ukweli. Haifai kumwita mama avuke bara kisha kumlaza katika chumba kimoja cha kukodi na watu watano.

Sasa tuseme juu ya majira, maana hapa ndipo fedha na utulivu vinapokutana. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Ulaya yote hufunga shule. Ndege hupanda bei, vyumba hujaa, na miji yenye sifa husongamana mpaka wenyeji wenyewe wanalia. Venezia, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ulianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza euro 5 wageni wanaokuja kutwa tu, katika siku zilizochaguliwa. Mji wa kale wenyewe sasa una wakazi wasiofika 50,000, kwa kuwa nyumba nyingi zimekuwa za wageni. Mwezi wa Julai 2024, huko Barcelona, waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bunduki za kuchezea. Mtu aliyetoka Bukavu kutafuta amani hana haja ya kulowanishwa hivyo.

Mei, mwanzo wa Juni, na Septemba ni miezi bora zaidi. Baridi haijawa kali, jua linakawia kuzama (mwezi Juni, Bruxelles, bado kuna mwanga karibu na saa nne ya usiku, jambo ambalo huwasumbua sana wazee waliozoea giza la saa kumi na mbili u nusu), na tikiti hupungua bei. Lakini angalieni sikukuu za Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, ambazo kwa kawaida huangukia Mei au Juni: siku hizo watu wa mijini hutoka wote pamoja, na treni hujaa.

Tatizo ni wanafunzi. Shule zetu nazo hupumzika Julai na Agosti, basi wazazi wanaotaka kwenda na watoto hawana uchaguzi wa mwezi. Hao wabaki na uchaguzi wa mahali. Wakati huo Wabelgiji hukimbilia baharini, Ostende na Blankenberge, ambako mchanga wenyewe hauonekani kwa wingi wa mataulo. Bruges nayo ni nzuri, lakini Julai mtu huona migongo ya wenzake zaidi ya kuona nyumba. Wacha wao waende huko. Sisi twende pengine.

Leuven ni mji wa wanafunzi. Wakati wa likizo wanafunzi wenyewe wameondoka na njia zimetulia. Hapo, katika kanisa dogo la Mtakatifu Antoni, limo kaburi la Padre Damien, aliyezaliwa Tremelo mwaka 1840, akawatumikia wakoma wa Molokai mpaka akaugua ukoma yeye mwenyewe na kufa mwaka 1889. Mwili wake uliletwa Ubelgiji mwaka 1936, naye alitangazwa kuwa mtakatifu mwaka 2009. Tournai ina kanisa kuu la minara mitano, na watalii wake si wengi kama wa Bruges. Banneux, karibu na Liège, ni mahali ambapo mwaka 1933 msichana wa miaka 11, Mariette Beco, alisema ameonekana kwake Bikira wa Maskini. Mwende siku ya kazi, wala si katikati ya Agosti.

Mahali pamoja twapaomba msipaache, ingawa hapana furaha nyingi. Ni Tervuren, nje kidogo ya Bruxelles, panapofikika kwa tramu. Wengi huenda kuitazama Makumbusho ya Afrika, iliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Humo mna vitu vya kwetu ambavyo watoto wetu hawajapata kuviona kwetu: vinyago, ngoma, mitumbwi, na picha za watu wasioandikiwa jina. Lakini kabla ya kununua tikiti, ingieni kwanza katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, mjini Tervuren. Kando ya ukuta wa kanisa mtaona makaburi saba. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alileta Wakongomani 267 kwa ajili ya maonyesho makubwa, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji waje kuwatazama. Wakati wa kiangazi kile kilichokuwa na baridi na mvua, saba kati yao walikufa. Hao walisafiri kwenda Ulaya kabla yetu sisi sote, wala hawakuulizwa kama wanataka. Hakuna kiingilio. Mtu aweza kusimama hapo muda anaotaka, na kwa kawaida atakuwa peke yake.

Baada ya Tervuren, roho hutaka hewa. Kusini mwa Ubelgiji iko milima ya Ardennes, misitu na mito midogo. Mtu wa Bukavu akiambiwa “milima” atacheka kidogo: kilele kirefu kuliko vyote katika nchi hiyo, Botrange, kina mita 694, yaani hakifiki hata nusu ya kimo cha uso wa ziwa letu. Lakini misitu ile ni tulivu. Huko iko monasteri ya Orval, walikofika watawa wa Citeaux mwaka 1132. Ilibomolewa na askari wa Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1793, ikajengwa tena kuanzia 1926. Wenyeji husimulia kwamba bibi mmoja mkuu, Mathilde, aliangusha pete yake ya ndoa katika chemchemi, akasali, na samaki akaipandisha mdomoni. Nyumba ya wageni ya watawa hupokea watu wanaotaka ukimya na sala, nao humwomba mgeni sadaka ya kadiri. Huko hapafai kwa watoto wa mbio na kelele, na anayetaka kulala aandike barua miezi mingi kabla.

Kwa jamaa yenye watoto, siri kubwa ni Luxembourg. Nchi hiyo ndogo, tangu tarehe 29 Februari 2020, imefuta nauli ya treni, ya basi na ya tramu kwa watu wote, wenyeji na wageni. Anayelipa ni yule tu anayetaka daraja la kwanza katika treni. Mtu akitoka Liège kwa treni ya kusini, atalipa nauli mpaka mpakani, karibu na Gouvy. Ng'ambo ya pili halipi tena. Kituo cha Clervaux ki karibu, na mji wake mdogo una ngome, abasia ya Wabenedikto juu ya kilima, na njia za kutembea msituni. Kutoka huko jamaa yaweza kwenda kila siku mahali papya, na kurudi jioni, bila kugusa mfuko isipokuwa kwa mkate na maji. Chumba huko ni ghali. Basi mlale Liège au Ardennes upande wa Ubelgiji, mle Luxembourg kwa vikapu vyenu.

Na katika vikapu hivyo mna nini? Mama hawezi kwenda kwa mwanawe mikono mitupu. Sheria za Ulaya zakataza msafiri kuingiza nyama na maziwa kutoka kwetu. Jibini la Masisi litatupwa uwanjani mbele ya macho yako, na nyama iliyokaushwa kadhalika. Sombe na mboga nyingine hudai cheti cha afya ya mimea. Lakini ndizi, mananasi, nazi na tende huruhusiwa bila cheti, na samaki mtu aweza kuchukua hadi kilo 20. Sambaza zilizokaushwa vizuri, zikafungwa vizuri zisinukishe ndege nzima, zaingia. Watoto wa Kivu walioko Liège watafurahia mfuko mmoja wa sambaza kuliko zawadi yo yote ya dukani. Msisahau pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa wakati wa kurudi Kongo itaulizwa.

Limebaki jambo la njia. Vita vilipoingia Bukavu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa, na mipango ya safari nyingi ilivunjika siku moja. Waliokuwa wamenunua tikiti za bei ndogo kabisa, zisizobadilishwa tarehe, walipoteza fedha zao. Kwa mtu wa kwetu, tikiti inayokubali kuhamishwa, hata ikizidi bei kidogo, ndiyo rahisi. Kadhalika asipange kuvuka mpaka na kupanda ndege siku moja; aweke siku mbili katikati, alale kwa ndugu au parokiani, kwa kuwa mpaka uliofunguliwa asubuhi huenda ukafungwa jioni.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka katika siku 15, lakini laweza kuchukua hata siku 45. Anayetaka kuwa Leuven mwanzoni mwa Septemba, aanze kukusanya karatasi zake sasa, na mwezi wa Machi zikiisha kuwa tayari, azipeleke.